Udongo Aliochimba Sabrina

Sabrina alipotoka masomoni hakupita barabara kubwa kama wenzake. Alishuka upande wa mto Lukuga, mahali ambapo ukingo umekatika na udongo mweupe unaonekana kama unga ulioshindiliwa. Huko alivua viatu, akaviweka juu ya jiwe pamoja na mfuko wa madaftari, akaanza kuchimba kwa kijiko kikuukuu. Udongo wa juu, uliochanganyika na mizizi, hakuutaka. Alitafuta ule wa ndani, laini, usio na mchanga, kisha akaunusa. Ukiwa na harufu ya mvua ya kwanza, aliuchukua. Usipokuwa nayo, aliurudisha palepale.

Udongo huo watu wa Kalemie huuita pemba. Sokoni wamama huuuza katika vinundu vidogo, umepangwa kwenye sinia kando ya chumvi na pilipili, na wanaoununua zaidi ni wanawake wenye mimba. Sabrina hakuwa akiuza. Alimchimbia dada yake Zaina. Nyumbani aliufinyanga udongo kuwa vijiti vya unene wa kidole, akavianika nyuma ya nyumba, kisha akavipitisha kwenye moshi wa jiko mpaka vikapata rangi ya majivu.

Zaina alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wake, Ramazani, alisafiri na boti za biashara kati ya Kalemie na Kigoma, kwa hiyo Zaina alikuwa amerudi kwa mama yake, mtaa wa Lubuye, akae hapo mpaka ajifungue. Mama yao, ambaye majirani wote walimwita Mama Zaina, aliuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Pemba hakutaka hata kuiona. Alisema ni uchafu unaokanyagwa na mbuzi. Ndiyo maana vijiti vile vilikaa ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda cha Zaina.

"Yaya, fumba macho. Fungua mukono," alisema Sabrina kila alipofika, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya.

Zaina aliuma kijiti, kikalia kama mkate mkavu. Uso wake ukalegea kwa raha.

"We mutoto! Ya leo ni tamu kushinda ya jana. Uliitosha wapi?"

"Palepale. Nilichimba ndani zaidi."

"Mungu akupe maisha. Lakini Mama asijue, unasikia?"

Sabrina alifurahi sana kusikia hivyo. Zaina ndiye aliyemlea wakati mama yao yuko sokoni. Alimbeba mgongoni, alimwogesha, alimsuka nywele, na alipougua surua alikesha naye. Sasa Sabrina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba naye ana kitu cha kumpa dada yake.

Siku ya wanawake wenye mimba kupimwa, Sabrina alimsindikiza Zaina kwenye kituo cha afya, akambebea mfuko. Mkunga wa pale aliitwa Mama Éliane, mama mnene kidogo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Kabla ya kupima alisimama mbele ya benchi, akawatazama wote.

"Nani kati yenu anakula udongo? Semeni tu, sipigi mutu."

Mwanamke mmoja aliyekaa mwisho akajibu haraka, "Aa, Mama Éliane! Sisi ni kuku?"

Benchi lote likacheka. Zaina naye akacheka, akatikisa kichwa kusema hapana. Sabrina alitazama chini. Mfukoni mwa sketi yake kijiti cha pemba kilimchoma pajani.

Mama Éliane alimchoma Zaina kidole, akadondosha tone la damu kwenye karatasi nyeupe, akalilinganisha na kadi yenye madoa mekundu yaliyopangwa kuanzia jekundu la kukolea hadi jekundu lililopauka. Akatikisa kichwa.

"Ona, Zaina. Damu yako ni nyepesi. Mwili wako unakosa chuma. Ni madini kidogo sana, huwezi kuyaona, lakini bila hayo damu haiwezi kubeba hewa. Meza dawa hizi kila siku, usiruke hata moja."

Wiki ile ile, darasani, Mwalimu Ignace alifundisha somo la udongo. Aliuliza kwa nini udongo ni mwekundu mahali ambapo reli imepasua kilima.

"Kwa sababu jua limeuunguza, Mwalimu," alijibu Chérubin.

"Na wewe jua limekuunguza, mbona si mwekundu?" Darasa likacheka. Mwalimu Ignace akangoja watulie. "Ni chuma. Chuma kikipata maji na hewa, kinafanya kutu. Udongo mwekundu una chuma ndani yake."

Sabrina aliacha kuandika. Kumbe! Muda wote huo alikuwa akimchimbia dada yake udongo mweupe, usio na kitu, huku udongo wenye chuma uko kando ya reli, watu wanaupita tu. Na damu si nyekundu? Na udongo ule si mwekundu? Mambo yote mawili yalikaa vizuri kichwani mwake, kama kifuniko na sufuria yake.

Siku hiyo hakushuka mtoni. Alikwenda kando ya reli, akachimba mpaka kucha zikageuka rangi. Joëlle, mwenzake wa darasa, alimkuta pale.

"Weye! Unachimba dhahabu?"

"Ninachimba damu," alijibu Sabrina bila kucheka.

"Ehee! Jua la Mwalimu limekuunguza kweli," alisema Joëlle, akaenda zake.

Vijiti vipya vilikuwa vyekundu kama matofali. Zaina alisema vinakaza ulimi kidogo, lakini baada ya siku chache akavizoea. Kila jioni alimeza dawa mbele ya mama yake, kwa maji ambayo Mama Zaina mwenyewe alimpa. Kisha aliingia chumbani na kutafuna kijiti ili kuondoa ladha ya kutu mdomoni. Sabrina alipoona anapenda, akaongeza. Kopo la maziwa halikukauka tena.

Ila Zaina hakupata nguvu. Alipokwenda kuteka maji alisimama njiani kupumua. Alipotwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi katikati ya kazi na kukaa chini, mkono kifuani.

"Moyo wangu unakimbia kama unafukuzwa," alisema.

Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama uyoga. Sabrina alivitazama, naye akazidi kuchimba.

Ndipo msiba ukaingia avenyu ya pili. Chancelle, mwanamke kijana aliyekuwa akifuma mikeka, alijifungua nyumbani akafa siku hiyohiyo. Mama Zaina alikwenda kwenye matanga na binti zake. Wanawake walikuwa wamekaa chini, wamevua viatu, hakuna aliyesema kwa sauti.

"Mutoto yuko, mama yake hayuko," alinong'ona mmoja. "Damu ilimwishia kabla hawajamufikisha hospitali."

Mtoto mwenyewe alikuwa amefungwa katika kitenge. Alipitishwa kutoka mikono hii hadi ile. Kila alipogusa kifua cha mtu aligeuza kichwa na kufungua mdomo, akitafuta. Wanawake walimtazama, wakainamisha macho. Sabrina hakulia pale. Lakini njia nzima ya kurudi alimshika Zaina mkono kwa nguvu, mpaka Zaina akamwambia, "Unaniumiza."

Walipofika tena kwenye kituo cha afya, safari hii pamoja na mama yao, tone la damu la Zaina lilikuwa limepauka kuliko la kwanza. Mama Éliane alivua miwani.

"Zaina, dawa unazimeza ao unazitupa?"

"Ninazimeza."

"Anazimeza mbele yangu!" Mama Zaina alidakia. "Mimi mwenyewe njo ninamupa maji."

"Basi kwa nini damu inashuka?" Mama Éliane alivuta kiti, akakaa karibu nao, akapunguza sauti. "Sikiliza, binti yangu. Hakuna mwanamke anayezaa bila kutoka damu. Mwenye damu ya kutosha anapoteza kidogo, anakunywa uji, anasimama. Wewe hauna ya kupoteza. Kidogo cha wengine, kwako ni nyingi. Damu isipopanda, sijui nitakuambia nini siku ile."

Nyumbani Mama Zaina hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Unaficha dawa chini ya ulimi? Unanidanganya na maji yangu? Chancelle tumemuzika juzi, Zaina!"

"Ninazimeza, Mama. Ninazimeza," alilia Zaina.

Sabrina alijua dada yake anasema kweli. Alijua pia kwamba si kweli yote. Alimfuata chumbani, akafunga mlango.

"Yaya, tumwambie Mama Éliane juu ya udongo."

Zaina alipangusa macho. "Umwambie nini? Wamama wote wanakula. Bibi yetu alikula, akatuzalia Mama. Unataka benchi zima linicheke? Sema uone. Ukisema, mimi si yaya wako tena."

Sabrina aliketi ukingoni mwa kitanda. Lakini swali lilikuwa limemwingia na halikutoka. Dawa zina chuma. Udongo mwekundu una chuma. Zaina anakula vyote viwili. Sasa kwa nini damu inapungua? Alijua kwamba akiuliza swali hilo, siri ya dada yake itatoka pamoja nalo. Alijua pia yule mtoto wa Chancelle alivyokuwa akigeuza kichwa. Zaina alipotoka kunawa uso, Sabrina alichukua vijiti viwili kwenye kopo, akatoka nje kabla moyo haujarudi nyuma.

Alimkuta Mama Éliane kwenye kituo cha afya, ananawa mikono, kazi imekwisha.

"Mama Éliane, niko na swali la masomo."

"Uliza, mutoto."

"Udongo mwekundu una chuma?"

"Una."

"Mutu akikula huo udongo, anapata chuma?"

Mama Éliane aliacha maji yakimwagika peke yake. "Mutu gani?"

Sabrina alitaka kusema "mutu yeyote". Badala yake akafungua kiganja, vijiti vikaonekana.

"Zaina. Mimi njo ninamuchimbia."

Mama Éliane hakupiga kelele. Alifunga bomba, akapangusa mikono, akachukua kijiti kimoja na kukivunja. Kisha alitoa kabatini chupa ndogo ya dawa ya buluu ile ya kupaka vidonda. Akajaza maji katika gilasi, akadondosha tone moja, maji yakawa ya buluu. Akasaga kijiti mpaka kikawa unga, akautia ndani ya gilasi, akakoroga.

"Sasa tukae. Tusiiguse."

Wakakaa. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni. Polepole udongo ulishuka chini ya gilasi, na maji ya juu yakaanza kuonekana. Hayakuwa ya buluu tena. Yalikuwa karibu meupe.

"Dawa imekwenda wapi?" aliuliza Mama Éliane.

Sabrina aliinama, akatazama chini ya gilasi. "Udongo umeishika."

"Umeishika, na hauachii. Ndani ya tumbo la Zaina ni hivyohivyo. Ninampa chuma, udongo unakishika, unatoka nacho chooni. Na si dawa tu. Hata chuma kilichomo katika sombe unakishika. Tena udongo wa kando ya reli una mayai ya minyoo, na minyoo nayo inakunywa damu."

"Lakini Mwalimu alisema una chuma ndani yake!"

"Mwalimu hakukosa. Chuma kimo, lakini kimefungwa kama kutu kwenye bati. Ukilamba bati lenye kutu, utapata damu? Tumbo la mutu halina nguvu ya kukifungua. Majani njo yanaweza. Lengalenga, ule mchicha wetu, inanyonya madini kwa mizizi yake, inayageuza kuwa chakula, ndipo sisi tunayakula. Sisi tunakula jani, hatukuli shamba."

Sabrina aliweka mikono usoni. "Nilimuongezea, Mama Éliane. Kila siku nilimuongezea. Nilitaka apate damu."

"Ninajua. Ulifikiri kama mutoto mwenye akili. Umekosa kitu kimoja tu, kuuliza mapema." Mama Éliane alivaa viatu vyake. "Simama, twende kwenu."

"Useme wewe, Mama."

"Hapana. Umechimba wewe, utasema wewe. Mimi nitasimama karibu nawe."

Sabrina alisema yote, mbele ya mama yake. Alivuta kopo chini ya kitanda akaliweka katikati ya chumba. Mama Zaina alikaa chini, akalivuta kopo kwake. Zaina hakukana. Alimtazama mdogo wake.

"Nilikubeba mugongoni na surua yako," alisema. "Leo umenivua nguo mbele ya watu." Kisha akageukia ukutani.

Mama Éliane hakuingia katika ugomvi huo. Alimuuliza Mama Zaina, "Hapa munakula nini?"

"Bugali na sombe. Na chai, jioni."

"Na ndagala?"

"Ndagala ni za kuuza. Sisi tunakula zile zilizovunjika, tunatoa vichwa, vina uchungu."

"Vichwa vinakwenda wapi?"

"Kwa bata."

"Basi katika nyumba hii bata njo wenye mifupa ya nguvu," alisema Mama Éliane, na kwa mara ya kwanza siku ile Mama Zaina akatabasamu, tena kwa haya. "Mama, unauza dawa halafu unakuja kununua dawa. Ndagala ukiila nzima, na kichwa na miiba, unapata chuma, unapata na ile kalisi inayojenga mifupa ya mutoto tumboni. Mutilie katika sombe. Maharagi mara kwa mara. Lengalenga, ukamulie limau juu, limau inafungua mlango wa chuma. Chai muache mpaka chakula kishuke, nayo inazuia. Chumvi ile ya iodini muifunike vizuri. Na wewe Zaina, nitakupa dawa ya minyoo, halafu udongo uishe. Ninajua tamaa yake si ya kuchezea. Mwili unaokosa madini unatamani mambo ya ajabu. Ukishiba chuma, tamaa nayo itapungua."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Zaina alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza kitu. Mvua ikinyesha na ardhi ikitoa harufu, alifunga dirisha na kulia. Sabrina akimsemesha, hakujibiwa. Alipomsalimia asubuhi, Zaina alimjibu mama yao.

Basi Sabrina alifanya kwa mikono. Alikusanya mbegu za maboga kwa majirani, akazikausha, akazikaanga mpaka zikalia, akazitia chumvi kidogo na kuziweka kwenye kisahani kando ya kitanda. Kisha akatoka. Jioni alikuta kisahani kimejaa vilevile. Kesho yake akakaanga nyingine. Siku moja akakuta ni maganda tu. Akaendelea hivyo, mbegu zinakwenda na maganda yanarudi, mpaka jioni moja sauti ikatoka chumbani.

"Umetia chumvi nyingi."

Sabrina alisimama mlangoni. "Kesho nitapunguza, yaya."

"Punguza," alisema Zaina. Kisha akaongeza, "Lakini usiache."

Kwenye kituo cha afya, Mama Éliane aliweka tone la damu kwenye karatasi, akaliangalia, akaliangalia tena mwangani. Safari hiyo alimwita Mama Zaina aje aone mwenyewe. Doa lilikuwa limekolea. Mwezi uliofuata likakolea zaidi, na Zaina alitwanga sombe bila kuacha mchi.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mama Zaina alimpeleka, Sabrina nyuma akiwa na beseni na vitenge. Walimwacha na Mama Éliane, wao wakakaa nje kwenye benchi. Jua lilipanda. Walisikia mtoto analia, Mama Zaina akashika kichwa kwa furaha. Lakini mlango haukufunguliwa. Badala yake walisikia miguu inakwenda haraka ndani, na sauti ya Mama Éliane ikiomba hiki na kile, fupifupi. Msaidizi mmoja alitoka na kitambaa kimelowa chote, akapita bila kuwatazama. Mama Zaina alianza kuomba kwa sauti ya chini. Sabrina alilikumbatia beseni, akisikia maneno ya matangani tena na tena. Mutoto yuko, mama yake hayuko.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka mlango ulipofunguliwa. Aproni ya Mama Éliane ilikuwa na madoa mpaka magotini. Alikaa kati yao bila kuombwa nafasi.

"Ametoka damu nyingi," alisema. Kisha akapumua. "Lakini ilikuwamo ya kutoka. Sasa imesimama. Anaomba uji."

Mama Zaina alianza kulia. Mama Éliane alimgeukia Sabrina.

"Mutoto, sikiliza, hili ukawaambie na wenzako masomoni. Chuma, iodini, kalisi na ndugu zao tunavihitaji kidogo, kidogo kuliko chumvi ya mboga. Lakini kidogo hicho kikikosekana, mutu mzima anaanguka. Tena hatuvitafuti kwa kuchimba. Viko kwenye lengalenga, kwenye maharagi, kwenye ndagala na kichwa chake. Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi. Ulimpenda dada yako, na kwa mapendo hayo ungemuua, kwa sababu ulimpa kitu usichokijua. Kilichomwokoa ni kwamba ulikubali akuchukie, ukasema kweli. Mgonjwa anayeficha, muganga anatibu kivuli chake."

Sabrina aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Mama."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, sauti dhaifu ya Zaina iliita, ikimwita yeye kwa jina.

"Sabrina! Unangoja nini huko inje? Kuja umushike, mimi mikono imechoka."

Sabrina aliweka beseni chini, akapangusa viganja kwenye sketi, akaingia.